Kutoka Mchanga wa Kwale Hadi Unga wa Metali: Njia ya Kupunguza Bei ya Titaniamu



Kuanzia Februari 2014 hadi baada ya uchimbaji kukoma Desemba 2024, meli zilikuwa zikitia nanga Likoni, upande wa kusini wa bandari ya Mombasa, kupakia mchanga mzito kutoka Kwale. Mchanga huo ulikuwa umechambuliwa ukabaki madini matatu: ilmenaiti, rutili na zirkoni. Mawili ya kwanza yana titaniamu ndani yake. Sehemu kubwa ya shehena hizo ilikwenda kwenye viwanda vya ng'ambo kutengenezwa rangi nyeupe, ile inayotiwa kwenye rangi za ukuta, karatasi, plastiki na dawa ya meno. Ndivyo ilivyo dunia nzima: zaidi ya asilimia 90 ya madini ya titaniamu huishia kuwa rangi, na sehemu ndogo tu hugeuzwa metali.

Sehemu hiyo ndogo ndiyo mada ya mhadhara huu. Titaniamu ina nguvu inayokaribiana na ya chuma cha pua, lakini uzito wake ni kidogo zaidi ya nusu ya uzito wa chuma. Haishiki kutu baharini. Mfupa wa binadamu huikubali na kushikamana nayo, ndiyo maana madaktari huitumia kwa nyonga bandia, mizizi ya meno bandia na vyuma vya kuungia mifupa. Kwa sifa hizo ingepasa kuonekana kila mahali: kwenye pampu za maji ya chumvi, boti za wavuvi, baiskeli na injini za pikipiki. Haionekani huko kwa sababu ya bei.

Na bei hiyo haitokani na uhaba. Kwa wingi katika tabaka la juu la dunia, titaniamu ni elementi ya tisa. Miongoni mwa metali za kujengea inatanguliwa na alumini, chuma na magnesiamu tu. Shaba, ambayo kila fundi umeme anaijua, ni adimu kuliko titaniamu mara nyingi. Mtu akifuata bei hatua kwa hatua ataona jambo la kushangaza. Tani ya ilmenaiti huuzwa kwa dola mia kadhaa. Kwa kuwa takriban theluthi ya uzito wa ilmenaiti safi ni titaniamu, kilo moja ya titaniamu ikiwa bado imo mchangani thamani yake ni dola 1 hivi. Ikishageuzwa metali ghafi, kilo hiyo hufika dola 10 hivi. Ikigeuzwa unga laini wa kutumiwa na mashine za uchapishaji wa 3D, hupanda hadi makumi ya dola, na mara nyingi imevuka dola 100. Gharama yote iko kati ya mchanga na kifaa. Kwa hiyo, anayetaka kushusha bei ya titaniamu hana budi kuifupisha safari hiyo, na njia yenye matumaini makubwa kuliko zote ni ile inayoanza na unga badala ya metali iliyoyeyushwa.

Metali inayong'ang'ania oksijeni

Mwaka 1791 William Gregor, kasisi wa Cornwall huko Uingereza aliyependa kuchunguza mawe, aliokota mchanga mweusi katika bonde la Manaccan na kugundua kuwa una elementi isiyojulikana. Miaka minne baadaye mkemia wa Ujerumani, Martin Heinrich Klaproth, aliikuta elementi hiyo hiyo katika rutili na kuipa jina la titaniamu. Tangu hapo ilipita zaidi ya karne moja kabla ya mtu yeyote kuishika mkononi ikiwa metali safi. Aliyefaulu alikuwa Matthew Hunter, wa Rensselaer Polytechnic Institute nchini Marekani, mwaka 1910.

Ugumu ulikuwa oksijeni. Chuma hutengana na oksijeni yake kikichomwa pamoja na makaa, kazi ambayo wafua vyuma wa Afrika waliifanya kwa mivuo ya ngozi na matanuri ya udongo kwa zaidi ya miaka 2,000. Titaniamu haikubali kirahisi hivyo. Ikichomwa na makaa huungana na kaboni yenyewe na kuwa kitu kigumu kisichofuliwa. Ikiwa na joto kali hunyonya oksijeni ya hewa, na hata naitrojeni, ambayo metali nyingi huipuuza, huichukua pia. Kiasi kidogo tu cha oksijeni huigeuza kutoka metali ya kunyumbulika hadi metali ya kukatika. Katika aloi maarufu ya Ti-6Al-4V, yenye alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya ubora ni asilimia 0.2 ya oksijeni. Hiyo ni gramu 2 katika kilo nzima.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuiondoa oksijeni kwa kuzunguka nyuma yake. Wilhelm Kroll, mhandisi wa Luxembourg, aliifanyia kazi njia hiyo katika miaka ya 1930, akaikimbizia Marekani mwaka 1940 wakati wa vita, na huko idara ya serikali ya migodi ikaikuza hadi DuPont ilipoanza kuuza metali hiyo mwaka 1948. Kwanza madini huchomwa pamoja na kaboni katika gesi ya klorini, mpaka titaniamu inaiacha oksijeni na kushikana na klorini. Kinachopatikana ni kimiminika kinachoweza kuchemshwa na kusafishwa. Kimiminika hicho huingizwa katika chungu kikubwa cha chuma chenye magnesiamu iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, bila hewa. Magnesiamu huinyang'anya titaniamu ile klorini, na chini ya chungu hubaki donge la metali lenye matundumatundu, linaloitwa sponji.

Kazi hiyo huchukua siku kadhaa kwa kila chungu. Chungu hujazwa, huchemshwa, huvutwa hewa ili kutoa chumvi iliyobaki, hupozwa, hufunguliwa, kisha donge hukatwakatwa. Halafu kinaanza chungu kingine. Tanuri la chuma cha kawaida hutiririsha metali mchana na usiku, lakini njia ya Kroll hufanya kazi kwa mafungu. Kroll mwenyewe alitarajia kwamba njia yake ingepitwa na nyingine ndani ya miaka michache. Hadi leo, karibu titaniamu yote duniani hupita humo.

Sponji nayo si mwisho. Hushindiliwa na kuyeyushwa kwa umeme ndani ya ombwe, katika chungu cha shaba kinachopozwa kwa maji, kwa sababu titaniamu iliyoyeyuka hula udongo wa chungu cha kawaida. Huyeyushwa mara 2, na kwa ndege mara 3, ili mchanganyiko uwe sawasawa. Mkuo unaopatikana hufuliwa, hubanwa kuwa mabamba au fito, na kila hatua uso wenye oksijeni hukwanguliwa na kutupwa. Mwisho kabisa ni kukereza. Titaniamu haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto la kukereza hubaki kwenye ncha ya kifaa na kuila. Katika sehemu nyingi za ndege, kilo 10 za metali hununuliwa ili kilo 1 iruke, na kilo 9 zilizobaki ni maranda sakafuni.

Kuanza na unga

Wazo la kutumia unga ni jepesi kulieleza. Mfinyanzi hayeyushi udongo ili apate chungu: huufinyanga ukiwa mbichi mpaka ukaribie umbo la mwisho, kisha huuchoma mpaka chembe zishikane. Metali nayo inaweza kutendewa hivyo. Unga hutiwa katika kalibu, hushindiliwa, kisha huchomwa kwa joto lililo chini ya kiwango cha kuyeyuka, na chembe hukua pamoja hadi kuwa kitu kimoja. Kitendo hicho huitwa kusinta. Viwanda vya magari vimekuwa vikitengeneza gia na sehemu nyingine kwa unga wa chuma kwa miongo mingi, kwa mamilioni, karibu bila taka.

Kwa titaniamu, njia ya kawaida ya kupata unga hutumia tabia yake ya kunyonya gesi. Sponji au maranda huwashwa katika haidrojeni. Metali huinywa haidrojeni hiyo kama asilimia 4 ya uzito wake na kugeuka haidraidi, kitu kinachovunjika kama kigae. Haidraidi husagwa hadi kuwa unga, kisha huchomwa katika ombwe ili haidrojeni itoke. Chembe zinazopatikana zina pembe na kingo, na hilo ni faida wakati wa kushindilia, maana huumana.

Aloi hupatikana kwa hesabu ya kawaida ya jikoni. Fundi huchukua sehemu 90 za unga wa titaniamu na sehemu 10 za unga wa aloi mama yenye alumini asilimia 60 na vanadiamu asilimia 40. Akivichanganya, jumla ina alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, yaani Ti-6Al-4V ileile inayotumiwa na viwanda vya ndege. Mchanganyiko hushindiliwa kwa nguvu ya tani 4 hadi 6 kwa kila sentimita ya mraba, bila joto. Kisha huingia tanuri la ombwe kwa saa kadhaa, kwenye nyuzi 1,200 hadi 1,300. Titaniamu huyeyuka kwenye nyuzi 1,668, kwa hiyo hakuna kinachotiririka. Atomi husafiri zenyewe ndani ya metali ngumu, alumini na vanadiamu husambaa, vitundu vilivyokuwa kati ya chembe hujifunga, na kifaa husinyaa kidogo. Kikitoka, asilimia 95 hadi 99 ya ujazo wake ni metali, na umbo lake linahitaji kukerezwa kidogo sana.

Kinachookolewa ni hatua nzima za kuyeyusha, kufua na kukereza. Taka iliyokuwa kilo 9 hupungua hadi sehemu ndogo ya kilo. Maranda yanayopatikana hapa na kwingineko yanaweza kurudi katika haidrojeni na kuwa unga tena.

Vali za Toyota

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Japani. Mwaka 1998 Toyota ilitoa gari la Altezza ambalo injini yake ilikuwa na vali za titaniamu, za kuingizia hewa na za kutolea moshi. Zilitengenezwa kwa unga kutokana na utafiti wa maabara za Toyota, ambako Takashi Saito alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo.

Vali ya injini hufunguka na kufungika mara maelfu kwa dakika. Ikiwa nyepesi, injini huzunguka kwa kasi zaidi na springi inayoirudisha inaweza kuwa ndogo. Vali za Altezza zilikuwa nyepesi kuliko za chuma kwa asilimia 40 hivi. Vali ya kuingiza hewa ilikuwa ya Ti-6Al-4V. Ya moshi ilihitaji kustahimili joto kali zaidi, na hapo unga ulionyesha uwezo ambao tanuri la kuyeyushia halina. Watafiti waliongeza boroni katika mchanganyiko, na wakati wa kusinta ikaungana na titaniamu kuwa vijiti vidogo vigumu vya boraidi vilivyotawanyika katika metali yote. Kuvitawanya sawasawa vijiti vya aina hiyo katika metali iliyoyeyuka ni kazi ngumu sana.

Ikumbukwe kuwa lile halikuwa gari la mashindano. Lilikuwa gari la familia lililouzwa madukani, na kila vali ilipaswa kuwa ya bei ambayo mhasibu wa kiwanda angeikubali. Wakati huo watu wengi katika fani hiyo walikuwa wakiamini kwamba titaniamu ya unga ni ya maabara tu.

Vikwazo ndani ya chembe

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa njia ni nzuri kiasi hicho, kwa nini dunia haijajaa vifaa vyake?

Jibu la kwanza ni oksijeni tena. Kila chembe ya titaniamu iliyokutana na hewa ina ganda jembamba la oksaidi. Chembe zikiwa ndogo, jumla ya uso wake huwa kubwa, na ganda huwa jingi. Unga wa chuma una tatizo hilohilo, lakini dawa yake ni rahisi: huchomwa katika haidrojeni na oksijeni huondoka ikiwa mvuke wa maji. Titaniamu haisafishwi hivyo. Joto likipita nyuzi 700 hivi, ganda huyeyukia ndani ya metali, na tanuri la ombwe, hata liwe zuri vipi, haliwezi kulitoa. Oksijeni iliyoingia na unga hubaki katika kifaa. Ile gramu 2 kwa kilo hufikiwa upesi, na kupitwa upesi.

La pili ni klorini. Sponji ya bei ya chini hubeba chumvi kidogo kutoka kwenye chungu chake. Unga wake ukisintwa, chumvi huvukiza na kuacha vitundu vidogo ambavyo haviwezi kufungwa kabisa. Kifaa kinaweza kufaulu jaribio la kuvutwa mara moja, lakini kikitikiswa mara milioni, ufa huanzia katika kitundu kimoja na kusambaa. Uchovu huo wa metali ndio uliozuia titaniamu ya unga kupewa kazi za hatari katika ndege kwa miaka mingi. Vitundu visivyo na chumvi vinaweza kufungwa kwa kukandamiza kifaa katika gesi ya argoni yenye joto la nyuzi 900 na zaidi na shinikizo kubwa, mbinu iliyobuniwa katika taasisi ya Battelle, Ohio, mwaka 1955. Nayo ina gharama yake.

La tatu ni moto. Donge la titaniamu ni salama mkononi, lakini unga wake laini hushika moto kwa cheche moja, na maji yakimwagwa juu yake huongeza hatari badala ya kuuzima. Desemba 2010 mlipuko katika kiwanda cha unga wa titaniamu na zirkoniamu huko New Cumberland, West Virginia, uliua wafanyakazi 3. Yeyote anayepanga karakana ya unga huu anapaswa kuhesabu mabomba ya argoni, sakafu isiyokusanya umeme tuli na mafunzo ya wafanyakazi kuwa sehemu ya bei tangu siku ya kwanza. Bei nafuu inayopatikana kwa kuyaruka hayo hulipwa kwa maisha ya watu.

Kuikwepa sponji

Kwa kuwa kusaga sponji ni kusaga kitu ambacho tayari ni ghali, watafiti wengi wamejaribu kupata unga moja kwa moja.

Huko Cambridge, katika miaka ya 1990, Derek Fray, Tom Farthing na George Chen walikuwa wakitafuta namna ya kuondoa ganda la oksijeni juu ya titaniamu kwa umeme. Waliona kwamba ganda lilikuwa likigeuka kuwa metali. Wakaenda hatua moja mbele: wakashindilia vidonge vya oksaidi yenyewe, wakavitumbukiza katika kloridi ya kalsiamu iliyoyeyuka, wakapitisha umeme. Oksijeni ilihama kutoka kwenye kidonge, ikapita katika chumvi, ikaungana na kaboni ya upande wa pili. Kidonge kikabaki titaniamu. Matokeo yalitangazwa katika jarida la Nature mwaka 2000, na kampuni ya Metalysis ikaanzishwa mwaka uliofuata. Kazi ya kiwandani ilikuwa ngumu kuliko ya maabara, kwa sababu mabaki ya mwisho ya oksijeni hutoka polepole na hula umeme mwingi. Kampuni hiyo iliingia mikononi mwa wafilisi mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na wengine. Njia yenyewe bado inafanyiwa kazi.

Huko Kyiv, Orest Ivasishin na wenzake katika taasisi ya fizikia ya metali walifuata njia nyingine. Waliacha hatua ya kuitoa haidrojeni kabla ya kushindilia, na kusinta haidraidi kama ilivyo. Haidrojeni inapotoka ndani ya tanuri huyasafisha maganda ya chembe na kuichangamsha miendo ya atomi, na kifaa hutoka kikiwa kimejaa zaidi kuliko kilichoanza na unga wa kawaida. Hatua imepungua na ubora umepanda, jambo ambalo halitokei mara nyingi viwandani.

Katika Chuo Kikuu cha Utah, Zak Fang na kundi lake, wakifadhiliwa na wakala wa serikali ya Marekani wa utafiti wa nishati, ARPA-E, waligundua matumizi mengine ya haidrojeni. Magnesiamu peke yake haiwezi kuitoa oksijeni yote katika titaniamu. Haidrojeni ikiwemo, kifungo kati ya titaniamu na oksijeni hulegea, na magnesiamu hushinda. Hivyo oksaidi au maranda yenye oksijeni nyingi yanaweza kusafishwa kuwa unga mzuri bila klorini na bila kuyeyusha. Kampuni ya IperionX ilianza kuitumia teknolojia hiyo katika kiwanda chake huko Virginia mwaka 2024, ikianza na metali chakavu.

Aloi zenyewe ziwe nafuu

Kufupisha safari ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kile kinachochanganywa. Vanadiamu ni ghali, na bei yake hupanda na kushuka bila taarifa. Chuma ni rahisi kuliko vyote, na huiongezea titaniamu nguvu. Mbona basi hakitumiwi?

Kimetumiwa kidogo. Aloi iliyoitwa Timetal LCB ilipata molibdenamu na chuma chake kutoka katika feromolibdenamu ya bei ya chini ya viwanda vya chuma, na kampuni ya Volkswagen iliitumia kwa springi za nyuma za gari la Lupo FSI. Kizuizi ni kwamba mkuo mkubwa unapoganda, chuma hukimbilia sehemu inayoganda mwisho na kurundikana huko, na metali huwa na mabaka dhaifu. Kadiri mkuo unavyokuwa mkubwa ndivyo tatizo linavyokua.

Katika unga hakuna mkuo unaoganda. Kila chembe ina jirani zake, na chuma husafiri ndani ya titaniamu kwa kasi kubwa, kiasi kwamba hata huharakisha kusinta. Kasoro iliyowazuia wayeyushaji haimgusi fundi wa unga. Kwa anayefuatilia bei, hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika: mbinu ya unga hufungua mlango kwa viungo vya bei nafuu ambavyo mbinu ya zamani ilivikataa.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, wakiongozwa na Ma Qian, pamoja na wenzao wa Sydney na Hong Kong, walitangaza katika Nature aloi ya titaniamu, chuma na oksijeni, isiyo na alumini wala vanadiamu. Waliupuliza unga kwenye mwali wa leza na kuijenga metali tabaka kwa tabaka. Metali ilipoa haraka mno, na muundo wake ukadhibitiwa kwa uangalifu hadi kwenye vipimo vya nanomita, oksijeni ikakaa katika awamu moja na chuma katika nyingine. Ikawa na nguvu bila kupoteza unyumbufu. Kama kazi hiyo itahamia viwandani, sponji inayokataliwa leo kwa sababu ina oksijeni nyingi itapata mnunuzi.

Pwani ya bahari moja

Mjadala huu una maana gani kwa Kwale, kwa Fungoni huko Kigamboni, au kwa Tajiri huko Tanga, ambako hazina za mchanga mzito zinajulikana? Mifano miwili ya jirani inafundisha.

Chavara, katika jimbo la Kerala, iko upande wa pili wa Bahari ya Hindi na ina mchanga mweusi kama wa mwambao wa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi mchanga huo uligeuzwa rangi. Mwaka 2011 kiwanda cha sponji chenye uwezo wa tani 500 kwa mwaka kilizinduliwa hapohapo, kwa fedha za shirika la anga la India na kwa teknolojia iliyokuzwa katika maabara ya ulinzi ya Hyderabad. Kiwanda hicho ni kidogo kikilinganishwa na vya China na Japani. Kilijengwa kwa sababu nchi ilikuwa na mteja wake mwenyewe, yaani roketi, na ilikubali kungoja miaka mingi ya utafiti.

Afrika Kusini, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa madini ya titaniamu duniani, ilichagua njia ya unga. Baraza la utafiti la CSIR, Pretoria, lilizindua mwaka 2013 kiwanda cha majaribio cha kutengeneza unga bila kukatiza kazi, ndani ya chumvi iliyoyeyuka, kwa kipimo cha kilo 2 kwa saa. Baraza hilohilo lilishirikiana na kampuni ya Aerosud kujenga mashine kubwa ya leza ya kuchapisha vifaa vya titaniamu. Hapo tena kulikuwa na mpango wa serikali, wanasayansi waliokaa katika kazi moja muda mrefu, na subira.

Kwa Kenya na Tanzania, kuanza na njia ya Kroll kungedai klorini, magnesiamu, umeme wa bei ya chini na mtaji mkubwa kwa pamoja. Mhadhara huu unapendekeza kuanzia upande wa pili wa safari, ule wa unga, kwa sababu upande huo unakubali udogo. Karakana ya chuo kikuu inaweza kuanza na maranda na vyuma chakavu vya titaniamu kutoka karakana za ndege, tanuri dogo la haidrojeni na ombwe, kinu kilichofungwa katika argoni, na mashine ya kushindilia. Vifaa vya kwanza viwe vile ambavyo kuvunjika kwake hakuui mtu. Mfano mzuri ni vichujio. Unga ukisintwa kwa joto la chini, vitundu hubaki kwa makusudi, na kichujio cha titaniamu hustahimili maji ya bahari na kemikali zinazokula chuma cha pua. Mwambao una hoteli zenye mitambo ya kuchuja chumvi, viwanda vya samaki na boti, na nchi za Ghuba, zinazotegemea maji ya bahari kwa kunywa, tayari hutumia mabomba ya titaniamu katika mitambo yao. Baada ya vichujio zinaweza kuja sehemu za pampu na vali, kisha, kwa vibali na vipimo vinavyostahili, vifaa vya hospitali.

Na kifaa cha kwanza cha kununuliwa katika karakana hiyo, kabla hata ya tanuri, kiwe mashine ya kupima oksijeni, naitrojeni na haidrojeni ndani ya metali. Bila hiyo fundi hawezi kujua kama unga wake una asilimia 0.15 au 0.45 ya oksijeni, na tofauti hiyo haionekani kwa macho wala kwa mizani. Kwa mashine hiyo wanafunzi wanaweza kufuatilia kila fungu tangu chakavu hadi kifaa, kuona oksijeni imeingilia wapi, na kumwonyesha mnunuzi namba ambazo naye anaweza kuzipima upya kwa vifaa vyake.